Waya Uliofukuza Mvua

Nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba ninazuia mvua nikiwa kwenye foleni ya kinu cha kusaga. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu hakugeuka. Aliongea huku akitazama mkanda wa mashine ukizunguka, kama mtu anayesimulia habari za nchi nyingine, kwamba kuna boma moja hapa karibu limefunga mbingu kwa waya na chupa. Boma lenye waya na chupa lilikuwa moja tu kati ya pale na barabara ya lami, nalo lilikuwa letu. Nikamwambia anaweza kunitazama, mimi siumi. Hakunitazama. Nilisagiwa mahindi yangu nikaondoka kwa hasira nikauacha unga, ikabidi nirudi kuuchukua mbele ya watu wale wale, na kule kurudi kuliniuma kuliko maneno yenyewe.

Tulikaa nje kidogo ya Matuu. Stima ilikuwa imetufikia kwa bahati, kwa kuwa nguzo zilipita kwetu zikienda kwingine kwenye maana zaidi. Waya uliosemwa ulikuwa wa shaba, umevutwa kutoka kwenye mkaratusi nyuma ya choo hadi kwenye mti wa mukau kando ya zizi. Waya wa kurushia mawimbi ya redio haufai kugusa mti, kwa hiyo kila ncha tuliishikilia kwa shingo ya chupa ya soda: kamba upande wa mti, kioo katikati, waya upande wa pili. Jua la saa saba likipiga, zile shingo za chupa zilimetameta hadi barabarani. Ukitundika chupa mtini katika Ukambani, usitarajie mpita njia afikirie fizikia.

Mwenye waya alikuwa baba yangu. Ujanani alikuwa mpokea ishara katika jeshi la wakoloni, na vita vilipokwisha alirudi nyumbani na kikohozi, pamoja na Morse, lugha ya nukta na mistari ambayo hakuna mtu kijijini aliyeihitaji. Baadaye alifanya kazi ya pampu kwenye shamba la Mzungu upande wa Thika. Mzungu huyo alikuwa na mtambo wa kurushia, sanduku la chuma la rangi ya kijivu lenye uzito wa ndama, na alipofungasha kurudi kwao aliona taabu kulibeba akamwachia baba. Baba akaenda Nairobi akafanya mtihani wa serikali akapewa cheti cha kurusha hewani. Tangu hapo, kila alasiri, alizungumza na watu wa dunia nzima kwa kugonga.

Mimi alinifundisha kwa kijiko na kitako cha sufuria. Watoto wengine waliitwa kula; mimi niligongewa. Nisipoitikia kwa kugonga, sikupata nyama. Mama alisema baba ananiharibu, hakuna mwanamume atakayeoa msichana anayebisha hodi kwenye sufuria. Sikuolewa kweli, ingawa sababu zilikuwa nyingine, na nikawa mwalimu wa shule ya msingi pale pale Matuu.

Kisha kiharusi kikampata baba akiwa anakunywa chai. Upande wa kushoto ukalala, na ulimi nao ukalala. Kilichotoka mdomoni mwake tangu siku hiyo kilikuwa mkoromo ambao hata mimi sikuweza kuufasiri. Mkono wa kulia ulibaki mzima, lakini macho yalikuwa na mtoto wa jicho, akiandika mistari ilipandana, na mara ya kwanza nilipomwekea karatasi na kalamu alivitupa sakafuni. Baba hakuwa mgonjwa mpole. Alikuwa mkali kabla ya kiharusi, na sehemu hiyo kiharusi hakikuigusa.

Watu walikuja kumwona. Walikaa kando ya kitanda wakaniuliza mimi: anatambua watu? Amekula? Analala? Wakajibiana wenyewe kwamba hawezi, hajui, hatambui, maskini. Baba yangu mdogo, yaani mdogo wake wa kumfuata, ambaye alikuwa mmoja wa wazee wanaosikilizwa eneo letu, alianza kupanga kwa sauti nani atasimamia shamba na nani atauza ng'ombe gani, kana kwamba kitandani pamelazwa blanketi tupu. Mimi nilikuwa napika chai nikiwasikia, na sikusema kitu kwa sababu nilidhani huenda wana haki.

Kilichonizindua kilikuwa kidole. Kidole cha mkono wa kulia kilikuwa kikigonga chuma cha kitanda, na muuguzi alikuwa ameniambia ni mishipa tu, nisijali. Asubuhi moja nikiwa nafagia, nikasikia nukta na mistari. Nikaacha ufagio. Alikuwa akigonga neno moja, anapumzika, analirudia. CHAI. Kisha BARIDI. Kisha TENA. Nilikaa chini sakafuni nikacheka hadi kicheko kikageuka kilio. Mtu alikuwa mle ndani muda wote, mzima, na alikuwa amenikasirikia.

Nilipowaambia watu wa ukoo kwamba baba anasema, walinionea huruma. Baba mdogo alinivuta kando. "Mwanangu," akaniambia, "mimi najua unampenda. Lakini usitucheze. Huyo ni wewe unajisemea."

Basi wao nikawaacha. Nilichofanya ni kumsogeza baba na kiti chake hadi kwenye chumba cha mtambo.

Mtambo ule haukuwa kitu cha kuwasha tu kama redio ya kusikilizia vifo na matangazo. Kwanza unapasha valvu, zile taa ndefu za kioo zilizo ndani, mpaka nyuzi zake zipate rangi ya kaa linalotaka kuzimika. Hapo harufu ya vumbi la huku kwetu Yatta linaloungua hujaa chumbani, harufu ambayo mpaka leo nikiisikia popote mimi husimama. Kisha swichi ya pili, ya umeme mkubwa, ambayo baba alinikataza kuigusa mpaka nilipomaliza shule. Halafu ndipo kazi inaanza. Unabonyeza kigongeo, kile kitufe cha kugongea ujumbe, mshale wa mita unaruka juu, na hapo huna nafasi hata ya kujikuna: unazungusha kifundo cha kwanza mpaka mshale uanguke, na ukifika chini kabisa unauacha hapo. Kisha kifundo cha pili, polepole, mpaka mshale upande juu kidogo, maana sasa nguvu inakwenda kwenye waya badala ya kubaki ndani ikiichoma valvu. Unarudi kwa cha kwanza kuutafuta tena ule mwanguko. Cha pili, cha kwanza, mpaka viache kubishana. Ukizubaa, bamba lililo ndani ya valvu linaanza kuwa jekundu, na valvu ikifa hakuna duka Matuu wala Thika litakalokuuzia nyingine.

Zamani baba alifanya hayo yote peke yake kwa macho. Macho yalipokwisha ikawa kazi yangu. Yeye alikaa kando, kichwa kimeinama, akisikiliza mngurumo wa transfoma, na nikikosea alinigongea nukta nane mezani. Katika Morse hiyo ndiyo ishara ya kosa. Nilizipata nyingi. Lakini siku nilipoweza kuutuliza mshale vizuri, alinyoosha mkono wa kulia, akapapasa mezani mpaka akafikia kigongeo, na akaanza kuita.

Sijui nilieleze vipi jambo hilo kwa mtu ambaye hajaliona. Mkono ule ulikuwa na haraka ile ile ya zamani, na utani ule ule. Akaitikiwa na mtu wa mbali, wakaulizana habari kwa Kiingereza cha mkato, wakasifiana mlio, wakalalamika juu ya serikali zao. Yule mtu hakujua kwamba anayezungumza naye hawezi kutamka jina lake mwenyewe. Hakuuliza kama anatambua watu. Hewani hakuna mgonjwa. Kuna mwenye mkono mzuri na mwenye mkono mbaya, na baba alikuwa na mkono mzuri.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Alasiri nilitoka shule, nikatuliza mtambo, naye akaongea.

Kisha mbingu zikakauka. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamepita na madaraja yetu, na baada yake tukapata msimu mbaya, halafu mwingine mbaya zaidi. Mahindi yalitoa mashina kama vijiti vya kiberiti. Watu wa Ndithini na Ekalakala walikuja sokoni Matuu kuuza mbuzi ambao ungehesabu mbavu zao ukiwa ng'ambo ya barabara. Bwawa la Masinga likashuka, na kwa kuwa stima ya nchi inatoka kwenye maji, serikali ikaanza kuigawa kwa zamu. Sisi tuliipata alasiri kidogo. Saa tisa inakuja, jioni inakatika. Baba aliyekuwa akiongea tangu alasiri hadi usiku sasa alikuwa na kipande cha alasiri, na sehemu ya kipande hicho ililiwa na kupasha valvu.

Ndipo maneno ya kwenye kinu yakakua. Chifu akaita baraza katika darasa la shule niliyofundisha, nami nikakaa kwenye dawati la wanafunzi wangu, magoti yakigusa mbao yake. Hapo niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona na sijaliona tena. Wazee wa ithembo, wale wanaopeleka sadaka ya kuomba mvua kwenye mti wa kale, na akina mama wa maombi ya kanisani, ambao kila Jumapili huwaita wazee hao wapagani, walikuwa wameketi bega kwa bega na kukubaliana. Ilihitaji waya wangu kuwapatanisha.

Mzee mmoja akaeleza. Sadaka imepangwa. Mbuzi yupo. Lakini desturi ni kwamba sadaka haipelekwi kukiwa na kitu kinachoifunga nchi, iwe ugomvi usiosuluhishwa au kiapo kisichofunguliwa, kwa maana itarudi bila kupokelewa. Wametafuta kitu hicho. Hakuna ugomvi mkubwa. Kuna zile chupa mtini.

"Si chupa za uchawi," nikasema. "Ni za soda."

"Hata mchawi hunywa soda," mtu akajibu nyuma, na darasa likacheka.

Chifu alikuwa mtu wa amani, yaani mtu ambaye hupenda mwingine aumie haraka ili yeye aende nyumbani. "Mwalimu," akasema, "hii waya imeleta maneno. Si ishuke kidogo tu, mpaka kunyeshe. Kama haina makosa, utairudisha."

Baba mdogo akasimama kabla sijajibu. Alivua kofia. "Mimi nimeongea kwa niaba ya mzee," akasema. "Nyumba yetu imekubali. Ishuke."

Nikamgeukia. "Mzee ana msemaji tangu lini?"

"Tangu ashindwe kusema."

"Anasema kila siku saa tisa."

Walicheka tena, safari hii kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitoa dawatini. Niliwaambia kwamba kama kuna boma linalotaka mvua kuliko yote Yatta nzima, ni letu. Mvua isiponyesha, Masinga haijai. Masinga isipojaa, stima haiji. Stima isipokuja, mtambo ni sanduku la kuwekea kuku. Nani mwenye akili anafunga mbingu ili ajizimie redio? Nilidhani nimeongea vizuri sana. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anayeogopa njaa hatafuti hoja, anatafuta kitu cha kushusha.

"Mwalimu, keti," chifu akasema.

Sikuketi. Nilitoka.

Mtu mwenye busara angekubali, najua. Waya ushuke, sadaka iende, mvua ije au isije, waya upande tena. Hata paroko aliniambia hivyo, kwamba mnyenyekevu hapungukiwi na kitu. Lakini mimi nilijua atakayepungukiwa. Wao walisema waya; mimi nilijua wanachotaka kukishusha ni mdomo wa baba yangu, kwa kibali cha ndugu yake, mpaka mbingu zitakapopenda. Na kama ukame ungeendelea mwaka mzima? Ningemweleza nini mtu aliyekaa kitini akinisubiri nitoke shule? Hapana. Nilikataa kwa moyo wote na nilikuwa tayari kuchukiwa.

Mjini Matuu palikuwa na mzee mmoja wa Kisomali, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye naye alikuwa na waya juu ya duka lake wa kuongea na ndugu zake upande wa Garissa. Nilipitia kwake kununua kamba. Alikuwa amekwisha kusikia, maana Matuu hakuna siri.

"Kwetu waya ndiyo inatuambia mvua imenyesha wapi," akasema, akinipimia kamba kwa mkono. "Tunapeleka ng'ombe huko. Hapa mnasema inafukuza?"

"Wanasema yangu. Yako hawajaisema."

Akafikiri. "Mimi niko na ng'ombe," akasema, "na wananiogopa kidogo. Wewe uko na nini?"

Nilichukua kamba yangu nikaenda.

Nyumbani nilimweleza baba kila kitu, neno kwa neno, hata utani wa soda. Alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Nilipomaliza akagonga kwenye mkono wa kiti: NANI AMEKUBALI. Nikamwambia, mdogo wako, kwa niaba yako. Kisha akagonga polepole, kila herufi peke yake, kama afanyavyo mtu anapotaka ujumbe ufike hata kwenye hewa mbaya. SIKUMTUMA.

Walikuja siku ya kuamkia sadaka, alasiri. Niliwaona kupitia dirisha wakiingia langoni: wanaume na ngazi, mmoja na panga begani, akina mama wachache na leso zao za maombi, na mbele yao baba mdogo na fimbo yake. Stima ilikuwa imerudi kitambo kidogo. Mtambo ulikuwa umepata moto, mshale umetulia mahali pake, na baba alikuwa ameshampata mzee mmoja wa Ufini, mwashi mstaafu ambaye walizoeana naye miaka mingi na ambaye habari zake kubwa zilikuwa magoti. Mkono wangu ulikuwa juu ya kifundo. Niliogopa, sitadanganya. Nikafikiri kuzima, nitoke nje, nisimame chini ya mkaratusi nipige kelele. Lakini nikizima, nimewashushia waya mimi mwenyewe. Nikauacha mkono pale pale.

"Wamefika," nikamwambia baba.

Alikuwa akipokea.

Hodi ikapigwa na baba mdogo akaingia bila kungoja karibu, kama ilivyokuwa haki yake kwa ndugu yake. Miaka yote ya ugonjwa hakuwahi kuingia chumba kile mtambo ukiwa umewashwa. Alisimama mlangoni. Spika ilikuwa ikitoa mlio mwembamba wa mwashi wa Ufini, na baba ameinamisha kichwa upande wake.

"Mwanangu," baba mdogo akaniambia, "watu wako nje. Hii kitu tumalize kwa amani. Mwambie mzee..."

Baba akainua kiganja cha mkono wa kulia, wazi, kuelekea sauti ya ndugu yake. Kisha kwa kifundo cha kidole akagonga mezani: nukta, mstari, nukta tatu.

"Anasemaje?" baba mdogo akaniuliza, akiwa tayari kunicheka.

"Anasema ungoje. Kuna mtu anaongea."

Alinitazama, akaitazama mikono yangu, yote miwili juu ya vifundo. Akamtazama ndugu yake. Mwashi alikuwa akieleza kwamba theluji kwao imefika dirishani, na baba, zamu yake ilipofika, akashika kigongeo akamwomba atutumie kidogo, tunaihitaji huku. Yule akajibu kwamba ipo bure, tuje na sepetu. Mimi sikufasiri hata neno moja. Baba alicheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, mabega yakitikisika, mkoromo ukitoka, na hakuna mtu chumbani aliyekuwa amesema cha kuchekesha.

Baba mdogo akavuta kigoda taratibu akakaa. Akaweka fimbo sakafuni. Nje mtu aliuliza mbona wanachelewa. Tulingoja hivyo, sisi wawili, mpaka wale wazee wawili wa hewani walipomaliza habari za magoti na kuagana kwa heshima zao zote, ambazo si fupi. Ndipo baba akaugeuza uso wake kwa ndugu yake, yale macho yenye ukungu yakamkosa kidogo, akagonga mezani mstari, nukta, mstari.

"Zamu yako," nikasema.

Baba mdogo alikohoa. Akanigeukia mimi, kwa mazoea. "Basi mwambie kwamba wazee..."

Kidole kilikuwa kimeanza kabla hajamaliza. Nilisoma kadiri kilivyokuja. "Anasema, niambie mimi. Masikio hayakulala."

Sijawahi kuona mtu mzima akivuliwa hivyo bila kuguswa. Alitazama chini. Alipoinua uso alikuwa amekisogeza kigoda, magoti yake yakawa karibu na magoti ya baba, na akamwita kama walivyoitana wakichunga. "Mwanaasa," akasema. Kwa Kikamba, mtoto wa baba yangu. "Wazee wanasema sadaka haiwezi kwenda waya ikiwa juu. Mimi nilikubali. Sikukuuliza."

Kidole kikagonga, nami nikasoma: "Anasema, mafuriko yalipokuja waya ulikuwa juu. Nani alikuja kunishukuru?"

Baba mdogo akapumua kwa pua, na nadhani kilikuwa kicheko. Alifuta uso kwa kofia. Kisha akasogea karibu zaidi, akauliza polepole, akimtazama yeye, si mimi: "Sasa ishuke ama isishuke?"

Baba hakugonga. Alitikisa kichwa, upande ule uliomtii, kisha mkono wake ukarudi ukakaa juu ya kigongeo na kubaki hapo. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Baba mdogo akaokota fimbo yake, akasimama, akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni nikiwa na maneno yangu makali yamejaa mdomoni, kwa sababu nilijua atawaambia mwalimu amekuwa mkaidi, na kwa ukaidi wa mwanamke ngazi hupandwa tu.

Alisimama kwenye baraza ya nyumba, akavaa kofia. "Amekataa," akawaambia.

"Nani? Mwalimu?" aliyeshika panga akauliza.

"Mwalimu hajasema kitu. Mzee amekataa. Hapa ni kwake."

Kulikuwa na minong'ono. Mama mmoja akasema lakini mzee si hasemi, na baba mdogo akamwambia aingie ndani akamsikilize mwenyewe kama ana muda wa kungoja zamu. Hakuna aliyeingia. Kwetu, mzaliwa wa kwanza akikataa katika boma lake mwenyewe, hupandishi ngazi kwenye mti wake. Unaweza kumsengenya mpaka kaburini, lakini mti huugusi. Waliibeba ngazi wakaenda nayo. Sadaka ilipelekwa kesho yake waya ukiwa juu, mbuzi akachinjwa, akina mama wakakesha kanisani, na mvua ilikuja msimu huo kwa kuchelewa, ikanyesha kidogo Matuu na zaidi Ekalakala, ambako hakuna aliyekuwa na waya wala chupa. Wako wanaosema mpaka leo kwamba ingenyesha vizuri zaidi. Waseme.

Nilirudi chumbani. Stima ilikuwa bado ipo. Nilikaa, nikashika vifundo. Baba akagonga mezani kuniuliza wamesema nini huko nje.

"Wamesema umekataa," nikamwambia.

Aliniambia nirudie. Nikarudia.